Kwa mnaoanza kusoma K-pop chuoni: anzeni na mkataba

Madarasa ya utamaduni wa Korea hujaa wanafunzi wanaozijua nyimbo za K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea Kusini, kuliko mhadhiri. Msilionee haya hilo, ni mtaji. Shabiki anakumbuka nani alitoka kundi gani na tamasha lipi liliahirishwa. Ila shabiki huuliza nani kamwonea msanii wetu, wakati insha ya chuo inataka utaratibu uliofanya uonevu huo uwezekane. Ndiyo maana kila anayeniuliza pa kuanzia namwambia asome mikataba.

Chukua TVXQ. Julai 2009 vijana watatu kati ya watano wa kundi hilo walikwenda mahakamani Seoul kupinga mkataba wao na kampuni ya burudani ya SM Entertainment, uliokuwa wa miaka 13. Mwaka huohuo Tume ya Ushindani wa Haki ya Korea ilitoa mkataba wa mfano wenye ukomo wa miaka 7. Mashabiki wanapolia kwamba makundi yana laana ya kuvunjika mwaka wa saba, wewe fungua mkataba huo uangalie tarehe.

Kisha njoo kwa Hanni, mwimbaji wa kundi la NewJeans. Oktoba 2024 alifika Bunge la Korea kueleza manyanyaso kazini. Mwezi uliofuata Wizara ya Kazi ikasema sheria ya viwango vya kazi haimhesabu kuwa mfanyakazi: hana saa maalumu za kazi, na kodi anayolipa ni ya kipato cha biashara, si ya mshahara. Kaa hapo, usipite haraka. Mtu anayepangiwa karibu kila kitu na kampuni anakosaje kuwa mfanyakazi? Swali hilo moja linatosha tasnifu nzima, na linawagusa hata wanagenzi ambao bado hawajapanda jukwaani.

Kuhusu vifo, nawasihi sana. Mwimbaji Sulli alifariki Oktoba 2019, mwenzake Goo Hara Novemba. Msiwatumie kukolezea utangulizi, wala msitaje sababu moja kana kwamba mlikuwepo. Andikeni kinachopimika: Daum, tovuti kubwa ya habari ya Korea, ilifunga maoni ya wasomaji chini ya habari za burudani mwezi uleule wa Oktoba, na tovuti nyingine, Naver, ikafuata Machi 2020. Matusi yalihamia wapi baada ya hapo? Huo ni utafiti, tena una heshima.

Kikorea jifunzeni mapema. Herufi za Hangul hazichukui muda, kazi iko kwenye lugha ya sheria. Tafsiri za mashabiki ni za haraka na za mapenzi, lakini neno moja la kifungu likilainishwa hoja yako yote imeyumba. Na mkitaka kunukuu mazungumzo ya kikundi cha mashabiki, ombeni ruhusa, maana wengi wao ni watoto wa shule.

Zoezi la wiki ya kwanza ninalolipendekeza ni hili. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu tasnia ya sanaa iliweka kikomo cha saa 35 kwa wiki kwa msanii aliye chini ya miaka 15, na kwa kawaida asifanye kazi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tafuta kundi lenye msanii wa umri huo, kusanya ratiba yake ya wiki moja aliyotoa wimbo mpya, kisha jumlisha saa zake, mazoezi yakiwemo.