Kabla ya kulitaja doa, uliza damu imefika lini

Madaktari wadogo wanaoanza kusoma CT-Scan huniletea swali la aina moja: "Dokta, doa limewaka pembeni, hii ni nini?" Nami huwauliza limewaka pembeni muda gani baada ya kontrasti, dawa ya sindano inayofanya damu ionekane nyeupe kwenye picha, kuingia mwilini. Wengi wanakuwa hawajaangalia. Wamekariri kwamba pete, yaani doa lililowaka ukingoni tu, ni jipu na kinachowaka chote ni saratani, na kukariri huko ndiko kunakowapoteza. Jinsi doa linavyopokea kontrasti ni habari ya damu na muda. Ukiondoa muda, unabaki na weupe tu kwenye skrini.

Nianze na ini, maana ndilo linalojaza meza yangu hapa Dar, na ndilo linalofundisha vizuri zaidi. Ini hupata damu kwa njia mbili: kama robo huletwa na ateri, mshipa utokao moyoni, na robo tatu huja na vena ya porta, mshipa unaoleta damu kutoka kwenye utumbo na bandama. Chukua nyumba ya Mbagala yenye bomba la DAWASA na kisima pamoja. Ukitia rangi kwenye bomba peke yake, koki zitakazobadilika kwanza ndizo zitakazokuonyesha maji ya wapi yanakwenda wapi. Saratani inayoanzia kwenye seli za ini hunywa zaidi kutoka kwenye ateri. Kwa hiyo, karibu sekunde 35 baada ya sindano, huwaka kuliko ini linaloizunguka. Ikifika sekunde 70 na kuendelea, ini limeshapata damu yake ya porta, na doa lile hufifia likawa jeusi kuliko jirani zake.

Ukiona doa lote linawaka mapema na kufifia baadaye, likiwa na sentimita 2 au zaidi, kwa mtu mzima mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) au homa ya ini sugu aina ya B, unaweza kuandika saratani ya ini bila kusubiri kinyama kilichokatwa kwenye doa kipimwe maabara. Kwa mtu asiye na hatari hizo, picha ileile haikupi ruhusa hiyo. Fomu ikija imeandikwa "maumivu ya tumbo" basi, inua simu, piga wodini, uliza majibu ya kipimo cha homa ya ini. Simu hiyo ni sehemu ya kusoma picha.

Hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu ambao hauna madhara kwa wagonjwa wengi, huenda kinyume. Huanza na vinundu vyeupe ukingoni, vilivyoachana, kisha weupe husogea taratibu kuelekea katikati, ukilingana na weupe wa aota, ateri kuu ya mwili, katika kila awamu ya picha. Haififii. Jipu nalo lina ukingo unaowaka, lakini katikati hubaki giza hata ukisubiri dakika 5. Doa la saratani iliyosambaa kutoka kwenye utumbo linaweza kuwa na pete vilevile. Hapo homa, chembe nyeupe za damu na historia ya mgonjwa ndivyo vinavyotenganisha, kuliko macho yako.

Sasa jambo ambalo watu hulipita haraka mno: je, awamu ya ateri uliyoletewa, yaani picha ya wakati kontrasti ingali kwenye ateri, ni ya ateri kweli? Saa ya mashine haitoshi. Mgonjwa ambaye moyo wake umechoka huchelewesha damu, na kanyula (mrija wa sindano) nyembamba ya bluu iliyowekwa kwenye mgongo wa kiganja haiwezi kupitisha mililita 4 kwa sekunde kama ile ya kijani ya kwenye kiwiko. Angalia mishipa yenyewe. Ateri ya ini iwe imejaa, vena ya porta iwe imeanza kupata rangi, na vena za ini ziwe bado hazijapata. Bandama iwe na michirizi kama ya pundamilia. Kama vena za ini zimeshawaka, awamu hiyo imekupita, na kuandika "halijawaka mapema" ni kumdhulumu mgonjwa. Zungumza na mpiga picha kabla mgonjwa hajapanda mezani. Anajua mengi kuhusu mishipa ya mikono ya watu kuliko mimi na wewe.

Kwenye figo sitakaa sana. Pima namba za Hounsfield, kipimo cha weupe kwenye CT, kabla na baada ya kontrasti. Zikiongezeka zaidi ya 20, doa limepokea damu. Zikiongezeka chini ya 10, halijapokea. Bila picha ya kabla, mfuko wa maji uliovujiwa na damu utauita uvimbe.

Ubongo una kanuni yake. Huko kuwaka kunatokana zaidi na kizuizi kati ya damu na ubongo kilichoharibika, kontrasti ikavuja nje ya mishipa. Ndiyo maana pete ni ya wengi: kifua kikuu, toksoplasma (kimelea kinachowashambulia wenye kinga dhaifu), jipu, tegu wa nguruwe, saratani iliyosambaa, uvimbe mkali wa ubongo wenyewe. Ukuta mnene usio sawa unanielekeza kwenye saratani. Nukta ndani ya mfuko wa maji inanielekeza kwa tegu. Pete isiyofunga, mwanya wake ukitazama gamba la ubongo, ni ya ugonjwa unaokula ala, yaani utando unaofunika neva. Kwenye MRI, usaha wa jipu huzuia maji kusambaa, na picha za usambaaji huuonyesha waziwazi.

Uliza pia kama mgonjwa ameshapewa deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, huko alikotoka. Dawa hiyo hupunguza kuwaka, na limfoma (saratani ya chembe za kinga) inaweza kufifia kabisa kwa siku chache. Kinga ikiwa chini sana kwa mwenye VVU, pete inaweza kuwa hafifu kwa sababu mwili hauna nguvu ya kuijenga.

Katika ripoti, andika linaloelekea zaidi, linalofuata, na kipimo kitakachotenganisha. Mwenye VVU, CD4 (hesabu ya chembe za kinga) chini ya 100 na pete kwenye viini vya ndani vya ubongo, mara nyingi huanzishiwa dawa za toksoplasma, na picha hurudiwa baada ya wiki 2. Omba irudiwe kwa kontrasti ya kiasi kilekile na muda uleule wa kusubiri, na andika kwenye fomu kama deksamethasoni ilitumika katikati.