Bitiruti zimejaa majani, chini hamna kitu?

Dada wa Kigamboni, majani tele bila kiazi mara nyingi ni msongamano tu. Ile unayoiona mbegu moja ya bitiruti kwa kawaida ni fungu la mbegu kadhaa, kwa hiyo hata ukipanda kwa nafasi, itaota miche miwili, mitatu pamoja. Ikifika kama sentimita 5, bakisha mmoja wenye nguvu kila sentimita 8 hadi 10. Mingine ikate kwa mkasi usawa wa udongo, maana ukiing'oa unatikisa mizizi ya jirani. Usiitupe jamani! Iunge kwa nazi kama mchicha, utanitafuta. Na kwa joto letu hili, panda Juni au Julai. Viazi vya bitiruti vichemshe na maganda, ukibakiza kikonyo, rangi isiishie kwenye maji.