Fungate imechelewa miaka mitatu, na sasa naogopa kubaki naye

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27, mume wangu ana 30. Tulifunga ndoa miaka mitatu iliyopita na fungate hatukwenda. Tulikuwa tumeweka akiba, kisha mdogo wake akalazwa na pesa zikaenda huko. Aliniarifu akiwa ameshazitoa, nami nilielewa. Baadaye nikapata ujauzito. Sasa mtoto wetu ana mwaka na miezi mitatu, na bado ananyonya.

Wiki iliyopita mume wangu alirudi na furaha, akasema amelipa arbuni ya safari ya siku saba kisiwa cha Morisi, mwezi Februari, sisi wawili tu. Bei ilikuwa nzuri mno kuiacha. Mama yangu yuko tayari kubaki na mtoto, lakini mimi nataka twende naye, kwa kuwa chini ya miaka miwili anapakatwa na nauli yake ni ndogo. Mume wangu amenuna. Mama mkwe naye anauliza fungate ya nini na mtoto tumeshapata.

Ukweli ambao sijamwambia mtu ni kwamba naogopa. Nyumbani tunaongea habari za mtoto, bili, na nani atawahi kurudi. Tukibaki wawili siku saba tutaongea nini? Mambo ya chumbani nayo yamekuwa ya nadra, na yakitokea naumia. Je, niikatae safari?

Bibi Harusi Aliyechelewa

Marahaba, mwanangu.

Safari usiikatae. Kataa Februari.

Nianze na hilo maana ndilo jepesi. Morisi iko nyuzi 20 hivi kusini mwa ikweta, kwenye mapito ya vimbunga vya Bahari ya Hindi. Msimu wake huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, wakati mwingine Mei, na Januari na Februari ndiyo miezi ya kuangaliwa zaidi. Januari 2024 kimbunga Belal kilifurisha mitaa ya mji mkuu, Port Louis, magari yakasombwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Sisemi kimbunga lazima kiwakute. Wengi huenda Februari wakarudi na ngozi iliyoungua jua tu. Ila bei ikiwa nzuri mno kuiacha, mtu anauliza kwanza kwa nini wengine wameiacha. Septemba na Oktoba mvua ni chache, joto linapanda taratibu, na ule upepo wa kusini mashariki unaovuma Juni hadi Agosti unakuwa umetulia.

Kamuulizeni wakala kama arbuni inaweza kuhamishiwa Oktoba, na kwa ada gani. Ikishindikana kabisa, kateni bima ya safari inayotaja wazi kuahirishwa kwa ndege kwa sababu ya hali ya hewa, na ikateni sasa. Kimbunga kikishapewa jina, kampuni nyingi za bima hukihesabu kuwa jambo lililojulikana, na anayekata baada ya hapo halipwi kwa ajili yake.

Umeona nimesema "kamuulizeni", wawili. Nimekusudia, kwa sababu barua yako ina jambo ambalo umelipitia haraka kuliko yote.

Umeandika kwamba akiba ya fungate ilikwenda hospitali, kwamba uliarifiwa zikiwa zimeshatoka, na kwamba ulielewa. Sentensi mbili, halafu ukakimbilia ujauzito. Kisha chini kidogo unanieleza kwamba safari hii nayo umeisikia ikiwa imeshalipiwa. Mara zote mbili pesa ni zenu, uamuzi ni wake, na wewe unapewa taarifa. Mara ya kwanza hungeweza kulalamika bila kuonekana mke asiye na huruma kwa mgonjwa. Mara ya pili huwezi kulalamika kwa sababu amekuletea zawadi. Kwa hiyo umeshika la mtoto, maana mama akisema hawezi kumwacha mwanawe, nani atambishia?

Sijui kama mtoto ndiye sababu yako ya kweli. Nadhani wewe pia hujui.

Nimtetee kidogo mumeo, hayupo hapa kujitetea. Mwanamume anayetumia akiba ya fungate kumtibu mdogo wake, halafu miaka inapita bila kulisahau, mpaka siku anaona bei nafuu na kuikimbilia kabla haijamponyoka, huyo anajaribu kulipa deni. Analilipa kwa namna ileile iliyolizaa, lakini analilipa. Kununa kwake usikusome kama ukali. Alikuja nyumbani akitegemea umrukie shingoni, ukamjibu kwa nauli ya mtoto.

Sasa hilo la ukimya unaloliogopa. Mmekuwa mkiongea kama makarani wa zamu wanaokabidhiana daftari, na kwa wazazi wa mtoto mdogo hilo si ajabu hata kidogo. Sitakuambia linaashiria mapenzi kuisha. Lakini mkiondoa mtoto, bili na ratiba, kitakachobaki mezani kwanza ni lile ulilolimeza. Litatoka siku ya tatu au ya nne, jioni, mmevaa vizuri, kwa sababu ya jambo dogo tu, labda yeye ameagiza chakula bila kukuuliza. Ataduwaa. Hatajua kwamba anajibu mashtaka ya miaka mitatu.

Lisemeni nyumbani, kabla ya safari, siku ambayo hamna haraka na mtoto amelala. Wewe ndiye wa kuanza. Usianze na Februari, wala na mama yake. Mwambie jambo linalofanana na hili: "Zile pesa za kwanza nilikubali kwa mdomo. Mdogo wako alistahili, na ungeniuliza ningesema zitoe. Kilichoniuma ni kwamba hukuniuliza." Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu. Wakishasema la maana wanaongeza mengine manane, na mwenzao anachagua kujibu lililo jepesi.

Anaweza kujitetea. Anaweza kusema dharura haingoji mkutano, na atakuwa na haki kiasi. Huhitaji kushinda shauri hilo; unahitaji alijue. Akijibu vibaya usiku huo, mpe siku mbili. Watu wengi husikia leo na kuelewa keshokutwa wakiwa wanapiga mswaki. Likishasemwa, safari ya kwa wakala ndiyo itakuwa pesa yenu ya kwanza kuamuliwa na watu wawili. Kwangu mimi hilo linazidi hoteli.

Mtoto abaki na bibi yake. Nasema hivyo nikijua itakuuma. Mkienda naye mtakuwa mmehamisha nyumba tu: usingizi wake wa mchana ndio utakaoamua saa ya kutoka, chumba kitakuwa kimoja, na jua la huko halimfai mtoto wa umri huo kwa saa nyingi. Faida ya Oktoba ni kwamba atakuwa ameshapita miaka miwili. Ile hoja yako ya kupakatwa itakuwa imekufa, najua, lakini na la kunyonya litakuwa limepungua uzito. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, kwa hiyo utakuwa hujamkatisha kitu. Anza mapema kupunguza mara za kunyonyesha, moja baada ya nyingine, kwa wiki kadhaa. Mama anayeacha ghafla siku ya kupanda ndege hukaa fungate nzima na matiti yaliyojaa, magumu na ya moto, na hapo hakuna mahaba yanayowezekana. Ikitokea bado una maziwa ukiwa huko, kamua kiasi cha kupata nafuu tu. Ukikamua sana, mwili utadhani mtoto ameongeza njaa. Na kabla ya hapo mwache alale kwa bibi usiku mmoja, kisha miwili, ili wote watatu mzoee.

Ukiwa huko, pigeni simu ya video mara moja kwa siku, fupi. Wapo watoto wanaocheza vizuri kutwa nzima, wakimwona mama kwenye kioo ndipo wanaangua kilio. Kama wako ni wa aina hiyo, zungumza na bibi na umwache yeye acheze.

Kuumia chumbani usilivumilie na usilipeleke kisiwani ukitegemea bahari italitibu. Mwanamke anayenyonyesha huwa na kiwango kidogo cha homoni ya estrojeni, na uke hukauka; si kwamba humtaki mumeo. Kilainishi cha maji kinachouzwa duka la dawa husaidia wengi. Mafuta ya kupaka na vaselini msitumie na kondomu, maana huidhoofisha mipira mingi. Lakini muone kwanza daktari wa wanawake au mkunga, kwa sababu maumivu yanaweza pia kutokana na kovu la kujifungua au maambukizi, na hayo yana tiba zake. Muulize na la uzazi wa mpango. Kunyonyesha huzuia mimba katika miezi sita ya kwanza, kwa mama anayenyonyesha maziwa yake matupu na ambaye hedhi haijarudi. Wewe umeshapita huko zamani.

Jambo jingine ambalo watu huona haya kuliuliza: baada ya muda mrefu wa kukaa mbalimbali, siku nyingi mfululizo za kukutana huwaletea wanawake wengi maambukizi ya njia ya mkojo. Kunywa maji ya kutosha, na uende haja ndogo mara baada ya tendo. Ukihisi kuchoma, nenda kituo cha afya hukohuko. Ukiongezeka homa au maumivu ya mgongo, usingoje asubuhi.

Na usiku wa kwanza msitegemee kitu. Mtakuwa wazazi wawili waliofika mahali ambapo hakuna atakayewaamsha. Mtalala. Asikasirike mtu.

Siku zinazofuata msizimalizie kwenye viti vya ufukweni mkitazamana kutafuta mada. Kisiwa kina kilomita za mraba 1,865 hivi. Gari la kukodi linawafikisha popote na kuwarudisha siku hiyohiyo. Kusini magharibi kuna mlima Le Morne, mita 556, ambao watumwa waliotoroka walijificha mapangoni na kileleni. Tangu 2008 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Wapo watumwa waliopelekwa kisiwa hicho kutoka Msumbiji, Madagaska na pwani yetu hii ya mashariki ya Afrika, kwa hiyo mkiwa juu pale mtakuwa na la kuzungumza zaidi ya bili. Pandeni alfajiri, na mwongozaji. Sehemu ya juu ni ya kushika mawe kwa mikono. Watu wanaopanda njia nyembamba huongea bila kutazamana usoni, na mengi yaliyoshindikana mezani hutoka hapo yenyewe. Nanyi mkinyamaza, mtakuwa mnahema.

Baharini vaeni viatu vya majini. Maji yaliyozungukwa na miamba ya matumbawe yametulia, lakini chini kuna urchini, wale viumbe wa mviringo wenye miiba mingi, na samaki jiwe, na mwiba wa samaki jiwe una sumu kali. Mtu akichomwa, mguu uwekwe kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, na awahishwe hospitali.

Mama mkwe nimemwacha hadi sasa kwa sababu si kazi yako. Akiuliza tena fungate ya nini, mwanawe yupo. Yeye ndiye aliyeilipia, na ajibu. Wewe msalimie, umwambie mtamletea zawadi.

Nimalizie na makaratasi. Jina kwenye tiketi lazima liwe lile la pasipoti, herufi kwa herufi. Wanawake wengi walioolewa karibuni hukatiwa tiketi kwa jina la mume huku pasipoti bado ni ya jina la baba, na kusahihisha kunaweza kugharimu. Mumeo ndiye aliyejaza fomu, kwa hiyo kaiangalie leo. Kama mnatokea nchi iliyomo kwenye orodha ya homa ya manjano, mtatakiwa kuonyesha kadi ya chanjo, na chanjo huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata kama tarehe iliyoandikwa imepita. Lakini kabla ya kuchanjwa mwambie muuguzi kwamba unanyonyesha, akushauri.