Ukianza gofu ya diski, anza na diski ya taratibu

Ukihamia Minnesota, haitapita muda kabla hujawaona: watu wenye mabegi mgongoni wanazunguka kwenye bustani ya umma, wakirusha visahani vya plastiki kuelekea vikapu vya minyororo. Hiyo ndiyo gofu ya diski, na kwenye bustani nyingi za miji na kaunti hulipi kitu kuicheza. Unafika, unasoma ubao wa ramani karibu na maegesho, unaanza shimo la kwanza, yaani kipande cha kutoka jukwaa la kurushia hadi kikapu chake; anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Naicheza na Wakenya wenzangu wa mtaani na Wakongo kadhaa, na tumeshapokea wageni wa kutosha kujua mahali wanapokwama. Sheria haziwasumbui. Wanakwama dukani.

Dukani kuna ukuta mzima wa diski, na nyingi zimepigwa chapa ya namba nne: kasi, kuelea, kupinda mwanzoni, kukata mwishoni. Diski iitwayo Aviar, ya kampuni ya Innova, ni 2, 3, 0, 1. Destroyer ya kampuni hiyohiyo ni 12, 5, -1, 3. Mgeni akiiona ile 12 anaamua hiyo ndiyo ya kwenda mbali, analipa, anatoka akitabasamu. Lakini namba ya kwanza haikupi kasi. Inakudai. Inakueleza mkono wako unatakiwa uwe na kasi kiasi gani ndipo diski iruke jinsi ilivyotengenezwa. Usipoifikisha, ule mkato wa mwisho unaanza mapema: kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, akivuta diski kupita kifuani, itakata kushoto na kujichimbia vichakani. Mpe mtu huyohuyo Aviar. Itakwenda mbele, kwa upole, na mara nyingi itaipita ile Destroyer.

Kwa hiyo nunua diski moja ya kumalizia, zile zinazoandikwa putter kwenye rafu, na uichezee kila kitu, kuanzia jukwaa la saruji hadi kikapuni. Mpya ya plastiki ya kawaida hupatikana kwa dola kumi na kitu, na maduka ya vifaa vya michezo vya mitumba huuza kwa bei ya chini zaidi. Ukitaka ya pili, chukua ya kasi ya kati, 4 au 5. Zile za 9 kwenda juu ziache hadi hii ya taratibu iwe inakwenda unakoielekeza. Najua kuna wachezaji watakaobisha hapa. Wengi wao walikuwa na mkono tayari, wametoka kwenye besiboli au tenisi.

Kuhusu urushaji wenyewe, nguvu ya bega haikusaidii sana. Diski hutulia hewani kwa sababu inazunguka, na mzunguko hutoka kwenye vidole na kiganja pale inapong'oka mkononi. Simama ubavu, bega la kulia likielekea kikapu. Peleka diski nyuma, kisha ivute kwa mstari ulionyooka karibu na kifua. Wageni wengi huizungusha kwa duara kubwa kuzunguka mwili, na ndiyo maana inatoka kulia, kuelekea kwa watu wasiohusika. Angalia pia ukingo wa mbele. Ukingo huo ukiinuka, diski inapanda, inasimama, inakufa hewani. Ubonyeze kidogo kwa kidole gumba. Ukiwa na upepo usoni, shusha nguvu zaidi ya unavyodhani, maana upepo huo huifanya diski ijione kama imerushwa kwa kasi kubwa, ianze kupinda kulia.

Mirusho mingi hata hivyo hupotelea karibu na kikapu. Mgeni anafika hatua chache kutoka kwenye minyororo, anataka kumaliza kwa mbwembwe, diski inapita na kuteremka bondeni. Ukiwa mbali, rusha ili ikae chini ya kikapu, kisha imalizie. Ndani ya mita 10 kuna sharti moja la kukumbuka: ukisharusha, usivuke mahali diski yako ilipokuwa imekaa hadi uwe umesimama imara. Na diski iliyokaa juu ya kikapu, kwenye paa lake, haihesabiki hata ukilia.

Vikapu hivyo ni kazi ya Ed Headrick. Mwaka 1975 alichora uwanja rasmi wa kwanza katika bustani ya Oak Grove huko California, jirani na maabara ya JPL ya NASA, na wachezaji wa mwanzo walikuwa wanalenga nguzo tupu. Kikapu cha minyororo kilipata hataza mwaka 1977. Headrick alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki na kutengenezwa diski, kama alivyotaka mwenyewe. Uwanja wake bado unachezwa, siku hizi ndani ya bustani iitwayo Hahamongna.

Sasa bustani. Hapa ndipo naongea kwa ukali kidogo. Diski ni plastiki ngumu inayoweza kufika gramu 175 au zaidi, na ikimpata mtoto usoni hakuna samahani itakayotosha. Anayepita na mbwa wake hajui kama yuko katikati ya shimo la saba, na hana wajibu wa kujua. Subiri. Ukimpungia mkono apite, mara nyingi naye anakupungia. Pasipoonekana vizuri mbele, mmoja wenu aende kusimama kwenye kona. Diski ikienda kombo, piga kelele "Fore!", yaani jihadharini, mara moja, kabla hujaanza kusikitika. Wapo wanaodai uwanja ukiwepo basi watembea kwa miguu wakae pembeni. Mimi naona ni kinyume. Idara ya bustani iliyouweka uwanja inaweza kuung'oa malalamiko yakizidi, na itakuwa na haki.

Kati yenu wenyewe mambo ni mepesi. Aliye mbali zaidi na kikapu anarusha kwanza, wengine wanakaa nyuma yake na kunyamaza. Kundi la nyuma likiwa na haraka, lipisheni. Msiwe wanane kwenye kundi moja, hata kama mmetoka pamoja kanisani au msikitini. Gawanyikeni wanne wanne, mtakutana kwenye nyama choma.

Andika jina na simu yako chini ya diski kwa kalamu ya wino usiofutika. Zitapotea. Watu huku hutuma ujumbe wakiziokota, na ukiiokota ya mwenzako fanya vilevile. Kutafuta mwisho dakika tatu, kisha endelea. Kiangazi, kabla ya kuingia vichakani angalia mmea wa majani matatu matatu, kwa sababu unawasha vibaya sana, na ukifika nyumbani jikague kupe: wale wa kulungu huambukiza ugonjwa wa Lyme. Soksi ndefu juu ya suruali si urembo, lakini vaa. Wakati wa theluji wachezaji hubandika utepe mrefu chini ya diski ili waone ilipozama.

Kwa uwanja wa kuanzia, tafuta wa mashimo tisa, mafupi, pasipo ziwa. Programu ya UDisc inaonyesha viwanja vilivyo karibu nawe na urefu wa kila shimo. Kaposia, kule South St. Paul, ni pazuri, ila vilima na miti yake vitakuvunja moyo ukianza napo.

Ukishaweza kumaliza mzunguko bila kupoteza diski, jaribu ligi ya jioni. Nyingi ni za wawili wawili kwa kuchanganyiwa majina: mnarusha wote, mnachagua diski iliyokaa pazuri, mnaendelea kutoka hapo. Mgeni haharibu alama ya mwenzake sana, na anamtazama mzoefu akichagua diski shimo baada ya shimo. Ada huwa dola chache. Fika mapema, majina yakishachanganywa hawarudii.