Maswali ya Wasomaji: Nyaya Zilizoyeyuka Chini ya Usukani

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Land Rover Series III ya chesisi fupi, ya mwaka 1978, niliyoachiwa na marehemu baba. Hivi karibuni nilifunga balbu za wati 100 kwenye taa kubwa kwa sababu ya safari za usiku. Baada ya wiki tatu, nikiwa njiani, taa zilianza kufifia, kisha moshi ukatoka chini ya usukani, nikawahi kuchomoa kichwa cha betri. Nilipofungua nilikuta nyaya tatu zimeyeyuka na kushikamana, lakini fyuzi zote ni nzima. Fundi wa mtaani anashauri tukate palipoungua, tuunge waya mpya, kisha turudishe betri. Je, nikubali? — Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, na pole sana. Nakusihi usirudishe betri kwanza. Ikiwa kilichounguza waya wa zamani bado kipo, kitauunguza na huo mpya, na katika gari lako tangi la mafuta liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, yaani pale pale unapokalia wewe dereva.

Fyuzi kubaki nzima kusikushangaze. Katika magari haya waya mnene wa kahawia hutoka upande wa stata na kwenda moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo na swichi ya taa bila kupitia fyuzi yoyote. Fyuzi chache zilizopo hulinda vitu kama waipa na honi. Waya wa kahawia ukigusa bodi hakuna kitu cha kukatika isipokuwa waya wenyewe. Hata palipo na fyuzi, fyuzi ya zamani ya kioo ya Kiingereza iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35 lakini imekusudiwa kubeba takriban 17 tu kwa muda mrefu. Anayeweka ya kisasa ya ampea 35 mahali pake ameupunguza ulinzi kwa nusu. Ukikuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imezungushiwa fyuzi, itoe siku hiyo hiyo.

Sasa chukua waya ulioungua uusome. Ganda likiwa limeyeyuka karibu na kiungio tu, kwa urefu wa kidole hivi, na sehemu iliyobaki bado ni laini, basi kiungio hicho kililegea au kilishika kutu, na joto lilianzia hapo. Ganda likiwa limeyeyuka toka mwanzo wa waya hadi mwisho, umeme uliopita ulizidi uwezo wa waya, ama kwa shoti ama kwa mzigo mkubwa. Balbu mbili za wati 100 kwa volti 12 huvuta karibu ampea 17, na umeme huo wote hupita ndani ya swichi ndogo iliyo kwenye nguzo ya usukani, kwa kuwa kiwandani taa kubwa hazikuwekewa rilei, yaani swichi ya sumaku inayobeba umeme mkubwa kwa niaba ya swichi ndogo. Kwa kuwa taa zako zilififia kabla ya moshi, nashuku kwamba swichi ndiyo iliyopata moto kwanza, ikayeyusha ganda la nyaya zake, na shoti ikafuata baadaye nyaya zilipogusana. Tazama kama miongoni mwa zilizoungua umo waya wa bluu wenye mstari mweupe, ambao ni wa taa kali, au wa bluu wenye mstari mwekundu, ambao ni wa taa hafifu.

Ili kuipata shoti bila kuunguza kitu kingine, tumia balbu ya taa ya breki, ile ya wati 21. Zitenganishe nyaya zilizoshikamana, toa balbu za taa kubwa, na zima kila swichi. Kisha, badala ya kurudisha kichwa cha hasi cha betri, unganisha balbu hiyo kati ya betri na kebo yake. Balbu isipowaka, hakuna shoti kwa wakati huo. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, shoti ipo, lakini balbu hairuhusu kupita hata ampea mbili, kwa hiyo unaweza kutafuta kwa utulivu wala waya hautapata moto. Chomoa viungio kimoja kimoja, ukiviacha vimechomolewa, hadi balbu izimike. Tawi ulilochomoa mwisho ndilo lenye kosa. Halafu washa swichi moja baada ya nyingine, huku mwenzako akitikisa fungu la nyaya na wewe ukiitazama balbu. Ukifungua ufunguo balbu itawaka kiasi kwa sababu ya koili na taa za onyo. Hilo ni la kawaida. Chunguza hasa tundu la ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi, ambako mpira wa kulinda nyaya hukauka na kupasuka, pamoja na skrubu zozote zilizoongezwa na mtu aliyefunga redio.

Kuhusu ushauri wa fundi, sikubaliani na kuunga kipande. Shaba iliyopata moto hugeuka nyeusi na kukatika kirahisi, na uharibifu huenda mbali kuliko macho yanavyoona. Badilisha waya wote toka kiungio hadi kiungio, kwa rangi ile ile na unene usiopungua wa kwanza, na swichi pia ibadilishwe. Rudisha balbu za wati 60, ziwekee rilei mbili, kila moja na fyuzi yake ya ampea 15, na uweke fyuzi kuu kwenye waya wa kahawia, karibu kabisa na unapoanzia, isiyozidi uwezo wa waya huo.

SWALI: Tangu injini ya Land Rover yangu ishushwe na kurudishwa, kila nikipiga stata kamba ya choki inatoa moshi. Nyaya zote ni salama. Tatizo ni nini? — Msomaji, Nanyuki

JIBU: Waliorudisha injini wamesahau mkanda wa ethi, yaani waya mnene wa kurudishia umeme, kati ya injini na chesisi, au wameufunga juu ya rangi na kutu. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo umeme mkubwa wa stata unatafuta njia ya kurudi kwenye betri na kuipata kwenye kamba ya choki. Kwangua chuma hadi king'ae, funga mkanda mpya, kisha weka mita ya volti kati ya injini na kichwa cha hasi cha betri wakati stata inazunguka: ikizidi nusu volti, bado kuna kiungio kibovu.