Harufu ya makaburi ya kale bila kumtisha mama

Dada wa Mikindani, nimekuelewa: ulitembelea makaburi ya Songo Mnara, kisiwa cha magofu karibu na Kilwa, sasa unataka mafuta ya kujipaka yenye harufu ya pale, na mama anahofia watu watakuita mchawi. Nachanganya manukato hapa Lindi mjini. Usiache.

Ila usichukue udongo wala kipande cha kaburi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda magofu, na makaburi yana wenyewe. Harufu unayoitaka ni kama ile ya udongo wakati wa mvua ya kwanza, nayo hutokana na vijidudu vya udongoni. Wahindi wa Kannauj, mji wa manukato, huipata kwa kukeneka udongo uliochomwa, mvuke ukanaswa kwenye mafuta ya msandali. Agiza hayo, kisha ongeza ubani na mrehani. Mrehani fikicha jani kiganjani, subiri dakika tano. Ukali ukishaondoka, kinachobaki ndicho unachokitafuta.

Karafuu maiti, yaani kafuri, ndiyo itakayokuponza. Watu wetu wakiinusa wanakumbuka sanda. Mimi ningeiacha kabisa. Tena mtoto akiimeza hupata degedege; hapo ni kukimbilia hospitali, usingoje.

Kwa mililita 10 za mafuta ya nazi, manukato yote yasizidi mililita 1. Jaribu kidogo kwenye kunjo la kiwiko, ngoja siku nzima. Ukiwashwa au ukivimba, osha, uache, umwone daktari wa ngozi.

Mama awe wa kwanza kunusa, kabla hujamwambia wazo la mafuta hayo umelitoa wapi.