Orodha inatokea, vitufe havifanyi kazi

Swali: Mteja akichagua aina ya bidhaa, naiita bidhaa.php kwa fetch na kuweka jibu ndani ya div yenye id "orodha". Mwanzo iliandika [object Promise]. Nilipoongeza .then orodha ikatokea, lakini vitufe vya "Weka kikapuni" havifanyi kazi, na mara nyingine ukurasa wa kosa la 404 unajaa kwenye div. Naomba msaada.

Jibu: Uliandika ahadi (Promise, yaani kitu kinachosimama badala ya jibu ambalo bado halijafika) badala ya maandishi. fetch hurudisha ahadi, na jibu likishafika, text() nayo ni ahadi ya pili, kwa hiyo unangoja mara mbili:

const orodha = document.getElementById('orodha');
async function pakia(aina) {
  const jibu = await fetch('bidhaa.php?aina=' + encodeURIComponent(aina));
  if (!jibu.ok) throw new Error(jibu.status);
  orodha.innerHTML = await jibu.text();
}

Mstari wa jibu.ok ndio dawa ya 404. Mtandao ukikatika, fetch hutoa kosa; seva ikirudisha 404 au 500, kwake hilo ni jibu kamili, na wewe ndiye wa kulikagua. Iite pakia ndani ya try/catch ili mteja aone ujumbe unaoeleweka.

Sasa vitufe. Bila shaka ulikiwekea kila kimoja addEventListener ukurasa ulipofunguka. innerHTML huvitupa vile vya zamani na kuunda vipya, na vipya havina msikilizaji, yaani msimbo unaongoja kitufe kibofywe. Mweke mmoja tu kwenye div yenyewe, maana yenyewe haiondoki:

orodha.addEventListener('click', e => {
  const kitufe = e.target.closest('.kikapu');
  if (kitufe) ongeza(kitufe.dataset.id);
});

Usiiache closest, inayopanda kutoka palipoguswa hadi ikute kitufe: mteja akigusa picha ya kikapu iliyo ndani ya kitufe, e.target ni ile picha. PHP nayo iandike class="kikapu" na data-id="27" kwenye kila kitufe. Wengi hujaribu kutibu tatizo hili kwa kutuma <script> ndani ya jibu; haisaidii, kwa sababu kivinjari hakiendeshi script iliyoingia kwa innerHTML.

Hiyo isikufanye udhani uko salama. Kama majina ya bidhaa yanaandikwa na wauzaji, yapitishe kwenye htmlspecialchars, inayofanya alama kama < zionyeshwe kama maandishi tu, kabla PHP haijayatoa. Muuzaji akiandika <img src=x onerror=...> mahali pa jina, picha itashindwa kufunguka na msimbo wake utaendeshwa palepale, kwenye kivinjari cha mteja wako.